Gia ya Vidole Viwili

Mwaka 1957 hapakuwa na mtu kwenye barabara ya Mbeya na Tukuyu asiyelijua lori lililoitwa Mkwe. Kwa karatasi lilikuwa mali ya mwenye duka mmoja wa mjini Mbeya. Kwa mwili lilikuwa la Jailos Mwasyoge, dereva wake kwa miaka tisa, na jina hilo alilitunga yeye. Kwa Wanyakyusa, mwanamke aliyeolewa hamtazami baba mkwe wake usoni. Akimwona anakuja hupisha njia na kuinama kando mpaka apite, wala jina lake halitaji. Jailos alisema lori lile nalo lilidai adabu ya namna hiyo. Ukilijia kwa pupa linakuaibisha mbele za watu.

Aibu yenyewe ilikuwa kwenye gia. Ili kutoka gia ya pili kwenda ya tatu ilimbidi akanyage klachi, arudishe gia katikati, aachie klachi, asubiri kidogo, akanyage tena, ndipo aisukume ndani. Kushuka kutoka ya tatu kwenda ya pili kulikuwa kazi zaidi, maana kati ya klachi ya kwanza na klachi ya pili alipaswa kutia mafuta kiasi, ili meno yanayokwenda kukutana yawe yanazunguka kwa mwendo mmoja. Kiasi gani, hakuna aliyeweza kumwambia. Alikipima kwa masikio na kwa nyayo. Aliendesha miguu mitupu, kwa kuwa mtetemo wa sakafu ulimwambia mambo ambayo viatu vingemficha. Akikosea, Mkwe alitoa mlio wa msumeno uliokutana na msumari ndani ya ubao, na wanawake waliokaa juu ya magunia huko nyuma waliguna na kuambiana kwamba leo mzee amekasirika.

Lakini Jailos hakukosea mara nyingi. Kazi hiyo aliisomea vitani, katika Keya, jeshi la Waingereza, kwenye matope ya Bama walikopigana na Wajapani, ambako dereva aliyekosa gia kwenye mlima hakuchekwa tu, alizikwa. Alirudi nyumbani na karatasi moja iliyoandikwa neno moja, dereva, na hata karatasi hiyo panya waliitafuna. Nchi yetu ilijaa watu wa namna hiyo, wenye elimu nzito mikononi na hawana cheti hata kimoja mfukoni, na waliokuwa na vyeti waliwapita barabarani bila kuwaona.

Mwaka huo wakulima wa pareto wa upande wa Uporoto walichoka. Pareto ni maua. Yakishakaushwa hayataki unyevu, na Uporoto ni nchi ya ukungu. Kila msimu walikaa na magunia yao kando ya barabara wakingoja lori la mtu mwingine lijisikie kupita. Siku likija, nusu ya maua yameota ukungu mweupe. Basi wakaunda ushirika, wakachanga, wakaagiza lori lao wenyewe, jipya, kutoka kampuni moja ya Iringa. Kisha mwenyekiti wao, Mzee Saulo Mwampamba, Msafwa mfupi mwenye koti refu la sufu lililomfika visigino, alitembea kwa miguu mpaka nyumbani kwa Jailos kumwomba awe dereva wao.

Jailos alimwendea tajiri wake kumuaga. Tajiri hakugomba. Alimwambia tu kwamba mlango wa kutokea ndio huo, na wa kurudia haupo. Nyumbani mkewe, Tupokigwe, aliyekuwa akiuza ndizi sokoni, alipokea habari hiyo kwa utulivu kuliko alivyotazamia.

"Umemsifu huyo Mkwe wako mpaka nikaona wivu," alisema. "Nenda ukaone na vya wenzako."

Alimfungia viatu vyake vyeusi vya kanisani ndani ya gazeti, akamwonya kwamba watu wa ofisi humtazama mtu miguu kwanza, ndipo wampandie usoni. Kesho yake Jailos na Mzee Saulo wakapanda basi la Relwe, la shirika la reli, kwenda Iringa.

Walilikuta lori limesimama uani kwa kampuni, la buluu, linang'aa, likinukia rangi na mpira mpya. Mzee Saulo alilizunguka mara tatu, akiligusa kama mtu anayenunua ng'ombe. Walikuta pia sharti ambalo barua haikulitaja. Mkuu wa karakana alikuwa Mwingereza mwembamba ambaye watu wa Iringa walimwita Bwana Taratibu, kwa sababu neno hilo alilisema mara nyingi kuliko jina lake. Alieleza, kwa Kiswahili chake cha kupima kila neno, kwamba giaboksi ya lori hilo ni ya aina mpya, na kampuni inaidhamini kwa mwaka mzima ikiwa tu lori litaendeshwa na dereva aliyepasishwa na karakana. Dereva wa ushirika akishindwa, kampuni itamtoa dereva wake, Philbert, akae na lori huko Mbeya mwaka huo wote.

Mzee Saulo alifikiri kidogo, kisha akauliza kama amesikia sawasawa. "Yaani sisi tumetoa mahari, halafu bibi harusi anakuja na mwanamume wa kumwangalia?"

Bwana Taratibu hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mwadilifu na mkarimu wa chai. Ila aliamini, kama wenzake wengi, kwamba kitu kipya kikitiwa mkononi mwa mtu wa shamba kitavunjika. Imani hiyo ilikuwa imeenea sana siku zile. Ilikaa maofisini, ilipanda vyeo, na saa nne ilikunywa chai na biskuti. Jailos aliijua tangu jeshini. Alielewa papo hapo kwamba akishindwa, hatarudi kwa tajiri, na wakulima wa Uporoto wataambiwa mwaka mzima, kila wakiliona lori lao likipita na dereva wa watu, kwamba wao ni wa kupanda nyuma.

Walikwenda kwenye barabara ya tambarare, nje ya mji upande wa Kihesa. Kwanza Philbert alionyesha. Alikuwa kijana wa Kihehe wa miaka ishirini na mitatu hivi, nywele zimechanwa njia pembeni, medali ya Bikira Maria shingoni, na tangu ajifunze udereva hakuwahi kugusa gari lililopita umri wa mtoto anayeota meno. Aliondoka, lori likachanganya mwendo, naye akashika kirungu cha gia kwa vidole viwili, kama mtu anayeonja chumvi. Akakanyaga klachi mara moja. Gia ikaingia.

Jailos, aliyekaa kando yake, alingoja mlio. Haukuja. Alingoja mtetemo wa sakafu. Chini palikuwa na zulia la mpira na kimya kitupu. Philbert akashuka gia ya tatu, akashuka ya pili, akapanda tena, huku akipiga mluzi, na kila mara kile kirungu kilizama mahali pake kama mkono unaotumbukizwa kwenye gunia la ulezi: hakuna pa kukwama, punje zinakupisha zenyewe na kukufunika. Bwana Taratibu, aliyekaa dirishani, alieleza kwamba ndani ya giaboksi mna pete za shaba zinazopatanisha mwendo wa meno kabla hayajakutana. Dereva hana haja ya kupatanisha chochote.

Ikawa zamu ya Jailos. Aliondoka vizuri, akiwa amevaa viatu vya kanisani. Ulipofika wakati wa kupanda gia ya tatu, mguu wake wa kushoto ukakanyaga klachi, ukaachia, ukakanyaga tena. Lori halikulalamika, lakini katikati ya kukanyaga kule lilipoteza mwendo, likayumba mbele na nyuma kama mlevi anayetafuta kiti. Bwana Taratibu alisema mara moja, taratibu. Jailos akajaribu tena. Mguu ukakanyaga mara mbili. Ulikuwa umefanya kazi hiyo miaka kumi na minne bila kuagizwa, na sasa haukukubali kuagizwa. Tena, kwa kuwa injini yenyewe ilinong'ona badala ya kusema, alichelewa kujua lini abadilishe. Alikaa gia ya pili mpaka lori likapiga kelele za kuomba msaada.

Waliposimama, Philbert aliegemea mlango akicheka bila ubaya. "Kaka, mlango uko wazi, na wewe bado unabisha hodi."

Mzee Saulo ndiye aliyejibu, akifunga vifungo vya koti lake. "Kwetu tunabisha hata mlango ukiwa wazi. Ndiyo maana hatujawahi kuwakuta watu uchi."

Hata Bwana Taratibu alicheka, lakini alichoandika kwenye daftari hakikuwa kicheko. Alisema atampa nafasi moja tu zaidi, kesho yake asubuhi, kwenye mlima wa Ipogoro, lori likiwa na mzigo.

Walikuwa wamefikia kwa Rozalia, mama mmoja aliyekuwa na hoteli ya chakula karibu na soko, na vyumba viwili vya wageni uani. Alasiri hiyo Rozalia alitoka jikoni kutafuta mwiko wake akamkuta mgeni wake ameketi kwenye kigoda, tofali chini ya mguu wa kushoto, mwiko umesimikwa kati ya magoti. Alikuwa akikanyaga tofali na kusukuma mwiko, akikanyaga na kuvuta, jasho likimtoka. Rozalia alimtazama kwa muda, kisha akauliza kwa upole kama kwao Mbeya ugali husongwa kwa miguu.

Philbert naye alifika baadaye kidogo kunywa ulanzi, pombe ya mianzi, maana Rozalia alikuwa na ulanzi mzuri kuliko wote wa sokoni. Alipoelewa kinachofanyika aliacha kucheka, akavuta kigoda, akawa mwalimu. Alitaja gia, na kila mguu wa Jailos ulipokanyaga mara mbili alipiga meza kwa kiganja. Alipiga meza hiyo mpaka vikombe vya wanywaji wengine vikaanza kutembea, na Rozalia akaja kuchukua mwiko wake. Mguu ulikuwa umeshinda kila mara.

"Miaka kumi na minne nimejifunza kitu kimoja," Jailos alisema hatimaye, akilitazama tofali. "Nimekijua kabisa. Leo naambiwa hakitakiwi tena."

Philbert alimsukumia kikombe cha ulanzi, akakumbuka kwamba Jailos ni Mmoravian asiyekunywa, akakirudisha kwake mwenyewe. Alipoondoka aliinama kidogo, kama mtu anayemuaga mfiwa.

Asubuhi ukungu ulikuwa umeukalia Mto Ruaha Mdogo, na baridi ya Iringa ilikuwa ile inayomfanya mtu azungumze kwa kifupi. Mlima wa Ipogoro unaanza darajani na kupanda kwa kona mpaka mjini juu, na siku zile ulikuwa wa changarawe tupu. Lori lilijazwa mifuko ya mchanga. Kabla ya kuanza, Bwana Taratibu alieleza jambo moja. Gia ya pili, ya tatu na ya nne zina zile pete za shaba. Ya kwanza haina. Waliotengeneza lori waliona haihitaji, kwa kuwa ya kwanza ni ya kuondokea tu. Kwa hiyo ni marufuku kuiingiza lori likiwa linatembea, meno yatavunjika. Gia ya pili ikielemewa mlimani, dereva asimamishe lori kabisa, afunge breki ya mkono, aweke ya kwanza, kisha aondoke upya. Kitabu kinasema hivyo.

Kwa ajili ya kusimama huko alihitajika mtu wa kuweka jiwe nyuma ya tairi. Mzee Saulo alisema lori ni la ushirika, na jiwe litawekwa na ushirika.

Philbert alitangulia. Alipanda vizuri hadi kwenye kona kali, pale ambapo barabara huinuka kama paa, na hapo gia ya pili ikaanza kukata pumzi. Alifuata kitabu. Akasimama, akafunga breki, na mzigo ukamvuta nyuma hatua tatu, nne. Mzee Saulo alitokea mbio kutoka kando ya barabara, koti likipepea, amekumbatia jiwe kama mtoto mgonjwa, akalitupa nyuma ya tairi na kuruka pembeni. Lori lilikaa. Philbert aliweka gia ya kwanza, akaondoka, injini ikazimika. Akawasha, akaondoka tena kwa mshtuko uliomwaga mfuko mmoja wa mchanga barabarani. Alifika juu. Bwana Taratibu aliandika kwamba imefanyika sawasawa.

Lori lilirudishwa darajani. Jailos alivua viatu. Hakuomba ruhusa, alivikabidhi kwa Mzee Saulo kama mtu anayekabidhi mali kabla ya kuogelea, akapanda na kuweka nyayo zake juu ya lile zulia la mpira. Bwana Taratibu alikaa kando yake na daftari.

Mwanzo haukuwa mzuri. Kwenye sehemu nyepesi ya mlima alipanda gia ya tatu na mguu ukakanyaga mara mbili. Aliposhuka ya pili, mara mbili tena. Bwana Taratibu aliandika. Hapo wakafika kwenye kona kali, na kwenye kona, kwa sababu ng'ombe hawajali mitihani ya watu, kundi zima lilikuwa likivuka barabara kwa raha zao kutoka bondeni, mchungaji wao akitembea nyuma kabisa amejifunika shuka mpaka masikioni.

Jailos alipunguza mwendo. Ya pili ikaanza kufa mkononi mwake. Ndani ya kioo cha pembeni alimwona Mzee Saulo akikimbia kupanda mlima, jiwe mkono mmoja, viatu mkono wa pili, asijue kipi cha kutupa. Jailos hakuwaza kitabu. Alichosikia ni kwamba chini ya nyayo zake, kupitia lile zulia, mtetemo ulikuwa umekuja. Mlima na mzigo vilikuwa vimeilazimisha injini iseme kwa sauti, na ilichosema alikielewa.

Mguu ukakanyaga klachi. Mkono ukarudisha gia katikati. Mguu ukaachia, mguu wa kulia ukatia mafuta, si mengi, kiasi kile ambacho hakuna aliyewahi kumfundisha, na sauti ikapanda mpaka ikafika palipo sawa. Mguu ukakanyaga tena. Mkono ukasukuma. Gia ya kwanza iliingia bila mlio wowote, ikakaa, na lori likaendelea kupanda kwa mwendo wa mtu anayekwenda shambani, polepole, likifuata mikia ya ng'ombe.

Bwana Taratibu aliinua kichwa kutoka kwenye daftari. "Umesimama?"

"Hapana, Bwana."

"Hiyo namba ngapi?"

"Moja."

"Haiingii lori likitembea."

Jailos aliangalia mbele asije akamgonga ng'ombe wa mwisho. Hakuwa na jeuri sautini, wala hofu. "Hizi tatu ni ngeni kwangu, Bwana. Lakini hii moja ni ya zamani. Tunafahamiana."

Walipofika juu Bwana Taratibu alimwamuru ashuke hadi darajani na kurudia. Alirudia. Alimwamuru mara ya tatu, na safari hiyo alivua glavu, akaweka kiganja chake juu ya mkono wa Jailos uliokuwa kwenye kirungu, ili ahisi mwenyewe. Kwenye kona Jailos alifanya vilevile. Bwana Taratibu alihisi gia ikingoja, ikikubali, ikiingia. Alikuwa mhandisi kabla ya kuwa mkuu wa watu, na uhandisi ukaushinda ukuu. Uso wake ukafunguka kama wa mtu aliyesikia wimbo wa kwao.

Ila jambo lililomshangaza Jailos mwenyewe lilitokea baada ya kona, katika safari ile ya tatu. Barabara ililala kidogo. Alitoka ya kwanza akaingia ya pili, kisha akakanyaga klachi kwenda ya tatu, na mguu ukakanyaga mara moja. Mara moja tu, ukatulia. Alidhani ni bahati. Akashuka ya pili, akapanda ya tatu, akaingia ya nne: mara moja, mara moja, mara moja. Ilikuwa kana kwamba mguu, ulipojua kwamba haujafukuzwa kazi, ulikubali kupumzika pale usipohitajika. Aliondoa kiganja kwenye kirungu akabakiza vidole viwili. Sasa alikihisi kile ambacho Philbert alikipigia mluzi. Kirungu kilikwenda mpaka mahali fulani, kikasita kidogo sana, kiasi cha kope kufumba, na ndani ya kusita huko alijua zile pete za shaba zinafanya kazi yake ya zamani, zinasikiliza, zinapima, zinapatanisha. Kisha njia ikafunguka, gia ikazama. Alicheka peke yake. Alibadilisha gia mara nyingi kuliko barabara ilivyotaka, mpaka Bwana Taratibu akamwambia taratibu.

Cheti kiliandikwa kabla ya adhuhuri, kwa jina la Jailos Mwasyoge, likiwa na herufi zote mahali pake. Mzee Saulo alikisoma, akampa Jailos akisome, akakichukua tena na kukitia mfuko wa ndani wa koti, ambako alisema panya wa Iringa hawafiki. Alikuwa tayari kuondoka saa hiyo hiyo. Lakini Bwana Taratibu aliomba jambo, na ikaonekana kwamba hakuzoea kuomba. Aliomba kabla ya kuondoka Jailos amfundishe Philbert ile gia ya kwanza.

Basi lori la ushirika likakaa Iringa saa tatu zaidi, kwenye barabara ya Kihesa, mwalimu akiwa peku na mwanafunzi akitoka jasho kwenye nywele zake zilizochanwa. Mzee Saulo alikaa kivulini akilalamika kwamba walikuja kuchukua lori, si kufungua shule. Hata hivyo kila mlio wa meno uliposikika aliinuka nusu na kuketi tena, kama mtu anayesikia mtoto wake akichapwa. Philbert alitia mafuta mengi mno, au machache mno, au aliharakisha. Baada ya mlio mmoja mkubwa kuliko yote, Jailos alimgusa bega.

"Kaka, taratibu. Umeingia bila kubisha, na baba mkwe yuko bafuni."

Philbert alicheka mpaka akalazimika kusimamisha lori. Alipoanza tena mabega yalikuwa yamelegea, na ikaingia. Haikuingia kimya kabisa, lakini iliingia. Alishuka, akamshika Jailos mkono kwa mikono miwili na kumwita mwalimu, na neno hilo halikuwa la mzaha.

Walilala Mafinga, wakaondoka alfajiri. Asubuhi ilikuwa safi, na barabara ya Sao Hill ilipanda na kushuka kati ya misonobari michanga isiyofika hata bega la mtu. Mzee Saulo alikuwa amesafiri kwa malori tangu yaanze kuonekana nchini, na hakuwahi kufumba jicho ndani ya hata moja, kwa kuwa kila kilima kilimrusha kichwa mbele na kila bonde likamrudisha nyuma. Siku hiyo alilala kabla ya kumaliza kulalamika juu ya baridi. Alilala Makambako, akalala mteremko wote wa kwenda uwandani, na aliamka Igawa tu, pale Jailos aliposimama kununua maji na miwa kwa wachuuzi.

Alitazama nje, akaona joto na vumbi la Usangu, akajua wamefika mbali. Kisha uso wake ukaingia wasiwasi. Alikitazama kile kirungu kwa muda mrefu.

"Jailos," alisema kwa sauti ya chini, asije akasikiwa na wachuuzi. "Nimekuwa macho muda wote."

"Ndiyo, Mzee."

"Sijasikia ukibadilisha gia hata mara moja. Hili lori lina gia moja tu. Wametuibia."

Jailos alimwambia amebadilisha zaidi ya mara mia mbili. Mzee Saulo hakuamini. Kutoka Igawa hadi Chimala alikaa wima, macho yake hayaondoki kwenye mkono wa dereva, akihesabu kwa Kisafwa, na kila gia ilipoingia alitikisa kichwa kama mtu anayetazama mazingaombwe na hajui ujanja umepitia wapi.

Jua lilikuwa limeinama walipopita Uyole na kukamata barabara ya milimani. Watu wa ushirika walikuwa wakingoja kando ya barabara tangu mchana, baadhi na magunia ya pareto, wengine mikono mitupu, wamekuja kutazama tu. Hawakupiga vigelegele mara moja. Walilizunguka lori kimya, kama watu wanaolizunguka jambo ambalo waliambiwa kwa miaka mingi si la saizi yao. Kisha mmoja akagusa taa, mwingine akagusa bodi, na ndipo kelele zilipoanza.

Mzee Saulo, aliyekuwa na siri ya kutoa, alipanda kwenye kikanyagio akawatangazia juu ya gia isiyosikika. Hawakumwamini, kama yeye mwenyewe asivyoamini mwanzoni. Wakataka kuona. Kuona hakukuwatosha, wakataka kugusa. Mwishowe Jailos alisema kwamba lori ni la wote na gia ni ya wote, basi wapande mmoja mmoja. Akawa anaendesha kipande kifupi cha barabara, kwenda na kurudi, na kila mwanachama akakaa kando yake na kuweka kiganja juu ya mkono wake pale anapobadilisha. Walipanda wazee waliokuwa wamebeba pareto kichwani tangu mbegu zake zilipoletwa nchini. Walipanda vijana waliojifanya hawashangai. Wengine walishuka wakicheka, mmoja alishuka akifuta macho na kusingizia vumbi, ingawa kule juu hapakuwa na vumbi bali ukungu.

Wa mwisho alikuwa Damari, mjane wa makamo mwenye shamba dogo kuliko mashamba yote ya ushirika, aliyechanga kwa ukamilifu kuliko wengi. Mkono wake ulikuwa mgumu, umechubuliwa na maua na jembe. Aliuweka juu ya mkono wa Jailos kwa woga, kama unavyogusa mtoto wa mtu aliyelala. Lori likachanganya mwendo. Klachi ikashuka mara moja, kirungu kikaenda, kikasita, kikazama.

Damari hakuuondoa mkono. Barabara mbele yao ilikuwa ikiinuka kuingia kwenye ukungu.

"Tena," alisema.